Ramani Zilizofungia Omena

Waliohusika na kugeuzwa kwa ramani za zamani za sehemu yetu kuwa karatasi za kufungia omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Keumbu ni watu watatu: mkubwa wa ofisi aliyeamuru stoo isafishwe, dereva aliyezipakia na kuzishusha mahali ambapo hakuagizwa, na karani mwandamizi aliyetia sahihi kwamba ni karatasi chakavu zisizo na matumizi. Mkubwa alikwisha kustaafu na kuhamia mbali. Dereva hutoa maelezo tofauti kila anapoulizwa. Karani mwandamizi ni mimi, na maelezo yangu ndiyo haya.

Nayaandika kwa sababu ya mwanamke mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye ndiye aliyeziokoa. Na kwa sababu ya njia moja ya kisimani, huku kwetu karibu na Sironga, ambayo imo katika ramani zile lakini haimo katika nakala mpya, wala haikuwamo, hadi majuzi, katika ardhi yenyewe. Watu wote walimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha, nami nitamwita hivyo. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitaeleza. Yeye mwenyewe hakupenda kuanzia huko. Alisema kwamba mtu akianza na ukoo humaliza na kesi, lakini akianza na kilima mara nyingi humaliza na chakula.

Siku ya omena alikuwa amekwenda Keumbu kununua kitoweo kwa mama mmoja wa kutoka upande wa ziwani, ambaye alikuwa muuzaji wake wa miaka mingi. Alipofika nyumbani na kufungua kifurushi aliona mto anaoufahamu. Omena walikuwa wamelala juu ya kilima chetu, kwa maneno yake, kana kwamba mafuriko yamepita na kuwasahau. Hakuwapika. Aliwamimina sufuriani, akaipangusa karatasi kwa leso, akarudi sokoni kwa gari lililofuata.

"Mwalimu, samaki wameharibika?" mama yule akamuuliza.

"Samaki ni wazima. Nimekuja kuchukua karatasi."

Mama alidhani anatafutiwa kosa, akaeleza mara mbili kwamba rundo lile hakuliiba, aliletewa na dereva wa serikali mchana kweupe. Mwalimu akamtuliza. Walikubaliana wabadilishane: yeye apewe ramani zote zilizosalia, na mama apewe mkungu wa ndizi pamoja na marundo mawili ya mitihani ya zamani ya wanafunzi, iliyokuwa ikila vumbi nyumbani kwa Mwalimu. Ndipo omena wa Keumbu wakafungiwa karatasi za mitihani ya jiografia kwa miezi kadhaa, na mzazi mmoja akaja kulalamika kwamba amezisoma alama za mwanawe zikinuka samaki. Mwalimu alimwambia kuwa alama zile zilinuka tangu mwanzo.

Wiki hiyohiyo alikuja dirishani kwangu ofisini. Alikuwa amezikunja ramani vizuri ndani ya kipande cha paipu ya plastiki, kile cha kupitishia maji ya mvua, akaomba fomu ya kurudisha mali ya serikali. Nilikuwa na watu wengi foleni. Nilimjibu kwa adabu kwamba kitu kilichofutwa katika rejista hakipo, na kisichopo hakirudishwi. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama anayesahihisha insha na kukuta kosa jipya ambalo hajawahi kuliona.

"Basi, Bwana Karani," akasema, "nitakutunzia hicho kisichopo."

Akakitunza kwa miaka mingi kuliko niliyobakiza kazini.

Nilipostaafu na kurudi kwenye shamba langu la chai tukawa majirani wa kilima kimoja, na nikaanza kwenda kwake. Tulikuwa na desturi ambayo hatukuipanga: mambo ya ramani tulizungumza kwa Kiswahili, na mambo ya watu kwa Ekegusii. Mazungumzo yakihama kutoka lugha moja kwenda nyingine, nilijua tumeondoka kwenye karatasi na kuingia bomani mwa mtu.

Kufungua ramani kwake kulikuwa na utaratibu ambao ningefurahi kama ofisi yetu ingekuwa na nusu yake. Kwanza mikono huoshwa kwa sabuni na kukaushwa. Pili meza hupanguswa. Kisha ramani hutolewa ndani ya paipu, ikalazwa, na pembe zake nne zikashikwa na viboko wanne wa mawe laini ya Tabaka, waliochongwa na mwanafunzi wake mmoja aliyeshindwa mtihani wake akafaulu maishani. Harufu ya omena hupanda. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuitaja. Kilima kimoja kilikuwa na doa la mafuta ya samaki, na kila mara tulipokifikia alisema kwamba hapo pana mawingu, turuke.

Karatasi zile zilichorwa kwa subira ambayo leo haipo. Kila boma lilionekana, kila nyumba kitone, kila uzio wa miti mstari mwembamba, na mashamba yameshuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni kama vipande vya nguo vilivyoanikwa, kila mwana na kipande chake. Njia za miguu zilikuwa vidoti. Mwalimu alizipima kwa uzi mwekundu wa cherehani: aliulaza juu ya vidoti, ukapinda kila njia ilipopinda, kisha akaunyoosha juu ya kipimo kilichochapwa chini ya ramani. Alipenda kusema kwamba uzi hausemi uongo kwa sababu hauna jamaa.

Watu walikuja kwake kutafuta mababu. Nakumbuka familia moja kutoka Keumbu, ndugu wawili na baba yao mkongwe, waliokuwa wakibishana kuhusu mahali iliposimama nyumba ya bibi mkubwa. Walikuwa wametangulia kumweleza kwamba babu yao alikuwa na wake wawili. Mwalimu akaweka lenzi juu ya boma lao, akahesabu, akahesabu tena.

"Hapa pana nyumba tatu," akasema. "Mmenipa wake wawili."

Vijana wakasema ya tatu ni ghala. Mwalimu akajibu kwamba ghala lina alama yake, na kwamba mchoraji hakuwa na sababu ya kuwaongezea bibi. Mzee akasema kwa Ekegusii, polepole, kwamba ile ya tatu ilikuwa ya Moraa, aliyemlea yeye mama yake alipokuwa mgonjwa. Alirudi kwao baada ya ugomvi, na ikakatazwa kumtaja. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu nyumba ya bibi mkubwa. Niliambiwa baadaye kwamba walikwenda kuwatafuta watoto wa Moraa, wakawapata, na kwamba mkubwa wao ana pua ileile ya mzee. Nyumba ile ilikuwa imebomoka bila kuacha jiwe. Ilibaki kitone.

Pamoja na unyofu wake, sharti niweke kumbukumbu sawa: Mwalimu hakuwa mtu wa kunyooka kila upande. Alikuwa Msabato asiyeonja chai wala kahawa, na aliishi kwa chai. Aliichuma, akaipeleka kituoni, akagombana na mpimaji wa kilo, kisha akarudi nyumbani kunywa maji ya moto yenye limau, huku akinimiminia mimi chai ya mgeni, nyepesi mno, kwa sababu hakuwahi kujua inavyopaswa kuwa. Siku ya Jumamosi hakufungua paipu. Nilipomwendea mara moja baada ya ibada, nikiwa na hoja ya dharura, alinikaribisha, akanipa ndizi, akasema kontua, ile mistari ya miinuko, zimepumzika.

Hakuweza pia kwenda mahali pawili mjini Kisii bila kupotea. Mtu aliyejua kila kijito kinamwaga wapi alisimama kwenye kona ya barabara akiuliza njia ya benki ileile aliyoitumia miaka yote. Vijana wa boda boda walimjua.

"Mwalimu, leo umewacha ramani nyumbani?"

"Mji wenu unahama kila mwezi, kijana wangu. Nitauchora siku utakapotulia."

Tena alisema uongo, angalau mara moja, nami nilikuwepo. Dalali mmoja wa mashamba alikuja na gari safi kuulizia karatasi inayoonyesha ukingo wa mto, na Mwalimu akamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba ililiwa na mchwa. Karatasi ilikuwa chini ya sahani ya dalali, imefunikwa kitambaa. Alipoondoka nilimkumbusha amri inayohusika. Alikubali kosa papo hapo. Alisema ataungama, lakini si kabla gari halijafika Kisii.

Sasa nifike kwenye njia.

Kutoka kwenye mwamba ulio juu ya kilima chetu hadi kisimani, ramani inaonyesha njia pana kati ya nyuzio mbili. Haikuwa ya watu tu. Ilikuwa barabara ya ng'ombe, ya tangu siku ambazo ng'ombe wa kilima kizima walishuka kunywa pamoja, na wazee wetu waliiacha nje ya mashamba yote mawili walipogawana. Haina mwenyewe, ndiyo sababu ililiwa. Hailiwi kwa siku moja. Mche wa chai hufa pembeni, mkulima hujazia pengo, na mwaka unaofuata hujazia kidogo nje ya pengo. Ng'ombe wamebaki wawili watatu, wanakunywa ndooni, hakuna anayeona. Hatimaye njia inabaki ya kupita mtu akienda upande, na msimu mmoja wa mvua inafungwa kabisa.

Aliyeona ni Mama Kerubo, mjane anayeishi karibu na mwamba. Kisima kiko chini yake moja kwa moja, lakini ilimlazimu kuzunguka kwa barabara ya gari, akishuka na mtungi mtupu na kupanda na uliojaa, mara mbili kwa siku, na magoti yake si ya msichana. Jambo hili lilipofika kwa wazee wa kijiji, waliniteua mimi, kama mtu wa serikali anayejua mambo ya mipaka, nichunguze nani ameila njia. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimekwisha kujua ni nani. Shamba langu liko upande mmoja wa njia, na la jirani yangu liko upande wa pili. Jirani yangu ni mtu anayeazima panga na kurudisha mpini.

Nilimwendea Mwalimu na faili mpya. Akasikiliza, akaosha mikono, akafungua ramani, akalaza uzi. Kisha akasema kwamba karatasi imemaliza kazi yake na sasa twende tukaiulize ardhi. Tulikwenda asubuhi, yeye na fimbo yake, mimi na kamba ya katani niliyoifunga mafundo, jirani yangu na dharau yake, na Mama Kerubo nyuma kabisa. Mwamba upo. Kisima kipo. Mashina ya uzio wa zamani yapo pia, kwa mwenye kuinama na kutafuta kati ya michai, na Mwalimu aliinama.

Upande wa jirani yangu, michai iliyovuka uzio ilikuwa mistari miwili. Upande wangu ilikuwa minne.

Nilieleza. Nilisema mstari wa kwanza aliupanda marehemu baba yangu, jambo ambalo ni kweli. Kuhusu mitatu iliyosalia nilisema kwamba nilikuwa nikijazia mapengo, kama inavyoshauriwa.

"Hujazii pengo mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mche, Bwana Karani," Mwalimu akasema. Hakupaza sauti. Jirani yangu alicheka hadi akashika mti.

Nikamgeukia Mama Kerubo, nikitarajia lawama, ambayo ningejua kuijibu. Akainama kidogo kwa heshima.

"Mimi sina neno, Baba. Nilishazoea kuzunguka."

Ripoti niliyowapa wazee ilikuwa sahihi kwa kila kipimo. Naweza kuitoa kwa yeyote anayeitaka. Ilisema njia imeliwa pande zote mbili na ikapendekeza muda wa kutosha kwa wahusika kujipanga. Muda huo niliupendekeza mimi, na mhusika mkubwa alikuwa mimi. Michai ile ilikuwa katika umri wake mzuri wa kuchumwa. Mwaka ukapita.

Mwalimu hakunishitaki popote. Alianza tu kunijulia hali kwa namna mpya. Tukikutana, baada ya kuuliza kuhusu nyumbani na watoto, aliongeza, kwa sauti ile ambayo mtu huulizia mgonjwa aliyelazwa: "Na njia, inaendeleaje?" Mbele ya watu alifanya hivyo hivyo. Watu wakazoea, wakaanza kuniuliza na wao. Fundi wa baiskeli aliniuliza. Padri wangu, ambaye hata si wa dini yake, aliniuliza mlangoni mwa kanisa. Niliwajibu wote kwamba suala liko katika mchakato.

Mara ya mwisho nilimkuta mjini Kisii. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, na binti yake alimchukua akae naye ghorofani, karibu na daktari, katika mji uleule asioweza kuufuata. Nilipanda ngazi nyingi. Alikuwa amekaa dirishani, chini pikipiki zinapiga honi na watu wanapakia ndizi kwenye lori, na paipu yake imeegemezwa ukutani kama mwavuli.

"Karibu," akasema. "Nimepotea rasmi sasa. Nikifika mlangoni tu, sijui tena."

Alinituma nikaoshe mikono. Nikailaza karatasi ya kwetu juu ya meza ya binti yake, nikawaweka viboko kwenye pembe. Hakuweza kuiona. Akaniambia nimsomee, nianzie kwenye mwamba. Nikasoma kama nilivyoweza: mwamba, nyumba mbili, uzio, shamba. Alinisahihisha kutoka kichwani. Nyumba tatu. Hapo umeruka kijito. Kidole chake kilitembea hewani, juu kidogo ya karatasi, kikishuka nami. Tulipofika chini ya mwamba nikanyamaza.

"Mbona umesimama?" akauliza. "Hapo ni njia. Soma."

Nikasoma njia, mpinde kwa mpinde, hadi kisimani. Sikumbuki kuwahi kusoma kitu kirefu hivyo.

Mwalimu akasema kwamba watoto wake wanazipenda ramani hizi na watazitundika ukutani Nairobi, kwenye fremu, wageni wazisifu. Ramani iliyo ukutani mwa mtu haiwezi kusimama mahali popote kumsaidia Mama Kerubo. Nakala mpya haina njia. Sisi wawili tukishaondoka, njia itakosa shahidi, na anayeidai hatakuwa na karatasi.

"Ulitia sahihi zitoke," akasema. "Sasa tia sahihi zirudi."

Aliyekuwa hajawahi kumwazima mtu hata karatasi moja alinipa paipu nzima. Kuhusu michai hakusema lolote. Nilikuwa nimekwisha kufika ngazini aliponiita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema tu nishuke taratibu.

Asubuhi iliyofuata niling'oa mistari yangu minne, kuanzia ule wa baba yangu. Jirani alinitazama hadi saa nne, kisha akaleta jembe, lake mwenyewe, akang'oa yake miwili. Jioni Mama Kerubo alipita na mtungi kichwani. Alisimama katikati ya njia, akatazama chini, akatazama juu.

"Baba," akasema, "umepunguza mlima."

Kisha nikazipeleka ramani ofisini. Dirishani palepale nilipokuwa nikikaa nilimkuta afisa kijana, mwenye adabu, ambaye sina ugomvi naye. Alifungua rejista, akatafuta, akasema, "Mzee, hizi zilifutwa. Hazipo. Hatuna fomu ya kupokea kitu ambacho hakipo." Akageuza rejista anionyeshe. Aliniuliza kama ninaijua sahihi iliyo pale chini. Nikamwambia ninaijua vizuri.

Nimerudi mara tatu. Kila mara nimejibiwa hivyohivyo, kwa maneno ambayo, nakiri, niliyatunga mwenyewe. Kwa hiyo ofisi niliyoitumikia naiandikia sasa rasmi, nakala kwa wazee wa kijiji na kwa Mwalimu, ambaye atasomewa. Nadai, kwanza, ielezwe kwa maandishi ni kwa mamlaka gani ramani zilizoonyesha njia ya umma ziliitwa chakavu, na wahusika wote watatu tuitwe kujibu, nami niitwe wa kwanza. Nadai, pili, njia ya kutoka mwambani hadi kisimani irudishwe katika nakala inayotumika sasa, kwa upana wake wa ng'ombe. Tatu, nimeandaa kwa mkono wangu hati ya makabidhiano, kwa kuwa fomu haipo. Nafasi ya aliyezitoa nimeijaza: ni mimi. Nafasi ya aliyezirudisha nimeijaza: ni mimi. Nafasi ya aliyezipokea iko wazi. Nadai ijazwe, kwa jina kamili, cheo, sahihi na tarehe.